Kabla Lorraine Hajarudi

Norbert alikuwa amelala kifudifudi jikoni, shavu sakafuni, jicho moja kalifumba.

"Hapa pamevimba," akasema. "Ukitandika hivi hivi, mwezi hauishi mbao zinalia kama bata."

"Basi pasawazishe, mzee. Saa tisa hiyo," akasema Chester, mwenzake wa timu ya boling tangu ujana.

Lorraine alikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, akikaanga samaki wa Ijumaa ya Kwaresima. Saa kumi na moja angerudi, na sakafu mpya lazima iwe imekwisha.

"Akinikuta hapa chini," akasema Norbert, "tumekwisha wote wawili."

Kung'oa vigae vya zamani vya plastiki hawakukuwaza. Vigae vya umri ule Milwaukee nzima haivichokozi. Vumbi lake hula mapafu. Unafunika, unanyamaza.

Ubao ukakataa kuingia kwenye mwenzake. Akajaribu tena. Kila gari lililopita barabarani lilimwinua kichwa kama kuku aliyesikia mwewe.

"Miaka kumi na moja ulimwahidi mwanamke sakafu," akasema Chester. "Watu wamejenga kanisa hapo."

"Nyamaza wewe. Nani asubuhi alitandika mstari wa kwanza bila kutoa mashine ya kuoshea vyombo, ikazibwa ndani kama maiti kaburini? Saa nzima tumeipoteza tukibomoa."

Chester akacheka peke yake. "Kahawa?"

"Weka hapo. Sina mkono."

Chester akafungua kabati bila kutazama, akatoa kikombe.

Saa kumi mlango wa nyuma ukagoma. Sakafu ilikuwa imepanda, mlango hauna habari. Norbert akauchomoa kwenye bawaba, akaukata chini nusu kidole, akaurudisha huku akitukana kwa Kipolandi cha bibi yake. Magoti yalimwaka moto. Hakukaa hata mara moja.

"Pumzika kidogo, bwana. Utanifia hapa."

"Nitakufa kesho. Lete ubao."

Saa kumi na dakika hamsini na sita ubao wa mwisho ukaingia, tak. Gari likakata kona, likasimama mbele ya nyumba. Norbert akakumbatia msumeno na nyundo, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Lorraine akaingia ananukia samaki. Akasimama. Akavua viatu, akatembea taratibu mpaka kwenye sinki, akarudi, miguu ikiinusa sakafu.

Kisha akamkumbatia Chester shingoni.

"Mume wangu," akasema, "umemaliza kwa siku moja alichonizungusha Norbert ndoa yetu nzima, mpaka nikamwacha."

Chester akafungua kinywa. Kupitia dirishani alimwona Norbert nyuma ya gereji, anamtikisia kichwa, kidole mdomoni.