Nusu ya Jicho

Mkaguzi wa nyavu aliutandaza wavu wa nchi jirani mezani, mbele ya mkaguzi wa ng'ambo na mawaziri wa nchi zote mbili waliokuja kutia saini mkataba wa kulilinda ziwa lao. Akashika jicho moja la wavu kwa vidole viwili, akalipima kwa rula.

"Macho haya ni madogo mno, mtani. Mnavua hata vichanga! Hatutii saini na wezi."

"Mwizi humjua mwizi mwenziwe," alicheka mkaguzi wa ng'ambo. Akalivuta jicho lile lile mpaka likafumba, akaweka rula toka fundo la ncha moja hadi la ncha ya pili. Kipimo cha sheria kilitimia.

Mkaguzi wa kwanza akavitazama vidole vyake. Yeye alikuwa amepima upande mmoja tu wa jicho, fundo hadi fundo linalofuata. Kumbe miaka yote amewatuhumu watu kwa nusu ya jicho!

Mawaziri walikuwa wakingoja.

"Mtani," alisema, "nishikie ncha hiyo. Nimekosea. Tupime upya, na tuanze na wavu wetu."