Inspekta Mpya

Miaka yote Inspekta wa ile tamthilia alikuwa mwanamume. Ilipotangazwa kuwa sasa ni mdogo wangu wa kike, mashabiki waliwaka. Alinisomea maoni yao jikoni huku akicheka.

"'Tangu lini Inspekta akavaa hereni?' Dada, nizivue?"

Nilicheka naye, roho ikiniuma. Nafasi hiyo na mimi niliiomba, wakaninyima. Nikaendelea kumenya viazi.

"Sikia na huyu: 'Atawezea wapi majambazi, na kulala bila taa hawezi!'"

Kicheko kikamkauka. Ganda la kiazi lilining'inia kwenye kisu changu.

"Dada," alisema taratibu, "habari ya taa unaijua wewe tu."

Simu yangu ilikuwa mezani. Akanyoosha mkono aichukue, nikamuwahi.