Maji ya Figili

Honorata alifika Falls Church, mji mdogo wa Marekani, akitoka zamu nyingine, amechoka hata kufikiri. Kwenye friji ya bibi wa Kikorea aliyeajiriwa kumtunza alikuta chupa ya figili nyeupe zilizokatwa, zinaelea kwenye maji mazito. Akadhani zimeanza kuharibika. Akamwaga yale maji, akaziosha figili, akazikaanga kwa kitunguu na nyanya.

Bibi alitazama sahani, akakohoa.

"Maji yake yako wapi?"

"Nimemwaga, bibi."

"Ile ilikuwa asali na figili. Dawa ya kifua. Mume wangu aliniwekea, kesho yake akafariki."

Maji yalikuwa yamerukia mkono wa sweta ya Honorata, na bado ulikuwa unanata.

Bibi akauvuta mpaka puani, akafumba macho.