Ndoo ya Maji ya Chumvi

Tangu sheria ilipokataza nyumba kukaa mahali pamoja zaidi ya juma moja, watu walikuwa wamehamia kwenye magari ya kuishi yanayojiendesha yenyewe. Mtaani kwao Tusekile ndiye aliyebaki wa mwisho. Sasa alikuwa dukani, akichagua vifaa vya gari lake la kwanza.

"Turubai la kivuli hili hapa, mama," alisema Lusajo, muuzaji. "Na hiki kidude kinakata umeme kabla haujakupiga shoti. Hata ukichomeka kwenye nguzo mbovu, unalala usingizi wako."

"Na chuma cha ethi, cha kupeleka umeme ardhini?"

Lusajo akacheka. "Mama yangu, nani anachimbia chuma siku hizi? Wakikikuta watasema umejenga."

Tusekile hakucheka. Siku waliyohamia kwenye nyumba yao, mumewe aligongomea chuma cha ethi nyuma ya jiko, akamwachia kazi moja: kila kiangazi akimwagilie ndoo ya maji ya chumvi, ardhi ipate kuushika umeme. Alifanya hivyo miaka yote, hata baada ya mume mwenyewe kuzikwa hatua chache kutoka pale.

Alinunua turubai na kidude.

Jioni, kwenye kituo chake cha kwanza, taa ya kijani ya kile kidude iliwaka: umeme ni salama. Tusekile akakoroga chumvi kwenye ndoo, akashuka, akamimina polepole kando ya gurudumu, pasipo na chuma chochote. Ardhi ikanywa yote.

Nyuma yake gari likanguruma, likajisogeza lenyewe mbele kidogo, kutafuta pakavu.