Shauri la Mama Matonya

"Mahari alitoa?" askari Mustapha alimuuliza mwanamke mwenye jicho lililovimba.

"Alitoa, bwana askari. Ng'ombe wote."

"Basi rudi kwako, Zipora. Mume kumpiga mkewe si shauri la boma. Mdachi anataka kodi na vibarua wa reli. Ugomvi wa jikoni hautaki."

"Matonya akisikia nimekuja huku ataniua. Ameapa."

"Nenda, nimesema."

Zipora aliondoka mbio, awahi kufika kwake Ihumwa kabla mumewe hajarudi na ng'ombe. Mustapha alijaribu kukaa, akashindwa. Alisafisha bunduki iliyokuwa safi. Akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Alijua fika kwamba amemrudisha mtu machinjoni, na ilimuuma. Lakini askari aliyempelekea Mdachi kesi kama hiyo alikionja kiboko yeye mwenyewe.

Jua lilikuwa limeanza kupoa alipotokea bibi kizee, shuka limelowa damu, mdomo umepasuka, meno ya mbele hayapo.

"Shikamoo, bibi! Nani kakufanya hivi?"

"Matonya, mwanangu wa kumzaa. Nimemtetea mkewe, akanigeukia mimi."

"Kampiga mama yake?"

Mustapha hakungoja kusikia zaidi. Hilo sasa lilikuwa shauri. Hata askari wenzake wavivu waliokuwa wakicheza bao waliinuka wenyewe, bila kuitwa, wakachukua mnyororo.

Wakiongozwa na yule bibi, walimkuta Matonya karibu na kwake, akiswaga ng'ombe.

"Sijamgusa mama!" alipiga kelele. "Haki ya Mungu, tangu asubuhi niko machungani! Mama, si uwaambie!"

Mama Matonya aliangalia chini. Askari walicheka kwa hasira. Mtu mwepesi wa ngumi namna ile, nani angemwamini? Wakamfunga shingoni wakaondoka naye: viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, kisha kazi ya reli mpaka Mdachi amchoke.

Mama yake alisimama njiani akilia kwa sauti, na kilio kilikuwa cha kweli, maana huyo ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Walipotoweka machoni pake, aliingia ndani. Zipora alikuwa amejikunyata pembeni, mikono ameificha kwenye kanga asiione mwenyewe.

Mama Matonya akaketi karibu naye, akaitoa ile mikono, akaishika.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Ulinipiga vizuri."