Waya Nyekundu

Watu wenye bunduki walimchukua kaka yake Sugow kwenye barabara ya Habaswein. Kila ofisi ikaapa haimjui, vile vile zamani zilivyoapa hazimjui babu yao, naye alipochukuliwa. Sugow alibaki na ujumbe mmoja wa sauti kwenye simu, ambao kaka yake aliurekodi akiwa ndani ya gari la Sugow.

Spika za gari ziliutoa mwembamba, kama mtu anayesemea nje ya dirisha.

Akafungua twita ya kushoto, ile spika ndogo ya upande wa abiria. Waya nyekundu ilikuwa imefungwa kwenye hasi badala ya chanya, na aliyeifunga ni yeye mwenyewe. Akazigeuza nyaya, akabonyeza simu tena.

Sauti ikajaa, ikatulia kwenye kiti cha abiria.

"Walaal, ndugu yangu, fundi gani wewe? Mlango huu ukifunguka tena, si nitaanguka!"

Sugow akanyoosha mkono, akaushika mlango ule wa abiria, asiuachilie.