Tuzo ya Nguchiro

Zamani wanyama walipoanza kutunga vitabu, Nguchiro aliandika hadithi fupi mno. Msikilizaji hajaketi vizuri, imekwisha. Wengi walizipenda, lakini Kiboko, mwenyekiti wa tuzo, alimnyima nishani miaka kumi mfululizo.

"Mwanangu, hizo si hadithi, ni chafya," alimwambia. "Lete kitabu kinene tukutambue."

Nguchiro alirudi nyumbani na uchungu moyoni. Akachukua hadithi yake aliyoipenda kuliko zote, akainakili mara mia tatu, akajalidi kurasa zote pamoja na kumpelekea mwenyekiti. Kiboko alikipima kitabu kwa mkono, akaguna kwa furaha.

Siku ya tuzo Kiboko alisimama mbele ya wanyama wote.

"Nimekisoma chote, neno kwa neno," alisema. "Huyu sasa ni mwandishi!"

Nguchiro alishindwa kuvumilia.

"Samahani, mzee wangu. Humo mna hadithi moja tu. Nimeirudia mara mia tatu."

Kiboko akakohoa kidogo.

"Najua," alijibu. "Na kila ulipoirudia, niliona umekomaa zaidi."

Wanyama wakashangilia, na Nguchiro akavishwa nishani ya riwaya bora.